Hewa chafu ya nje, moyo na mapafu: maswali yanayoulizwa sana Tanga

Wengi wakisikia hewa chafu huwaza kikohozi. Jambo moja lieleweke kabla ya mengine yote: hewa chafu huua watu wengi zaidi kwa kupitia moyo na mishipa ya damu kuliko kwa kupitia kifua. Kwa hiyo mwenye presha au kisukari, hata kama hakohoi kabisa, naye anahusika na moshi wa mtaani kwake. Maswali haya ni yale yanayoulizwa vibarazani, sokoni na kwenye foleni za kliniki. Majibu ni ya jumla. Mgonjwa mwenye hali yake maalumu amwone daktari.

Tanga tuna bahari na upepo. Hewa yetu inaweza kuwa chafu kweli?

Inaweza. Upepo wa bahari unatusaidia sana mchana, na anayekaa Raskazone havuti hewa ile ile anayovuta mwenye nyumba kando ya barabara kuu ya kwenda Segera. Lakini upepo hauvumi saa zote. Usiku ardhi hupoa, hewa iliyo karibu na ardhi hupoa nayo, na ile yenye joto zaidi hukaa juu yake na kuizuia isipande. Moshi uliowashwa saa kumi na mbili jioni hauendi mbali. Unatambaa kati ya nyumba, unaingia madirishani, na watu wanalala nao. Ukitoka kwenda sala ya alfajiri Makorora au Mabawa ukakuta ukungu wenye harufu ya plastiki, ujue huo ni moshi wa jana.

Vyanzo tunavyo vya kutosha: malori, mabasi na pikipiki, vumbi la barabara za udongo wakati wa kiangazi, viwanda vya saruji na chokaa pamoja na machimbo ya mawe yake, majiko ya kuni na mkaa, na taka zinazochomwa uani. Tusijione peke yetu pia. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), asilimia 99 ya watu duniani wanaishi mahali ambapo hewa haifikii viwango vinavyopendekezwa na shirika hilo.

Kilichomo kwenye hewa chafu ni nini hasa?

Ni mchanganyiko wa gesi na chembechembe. Gesi ni kama kaboni monoksaidi, oksidi za naitrojeni, dioksidi ya salfa na ozoni. Chembechembe ni masizi, vumbi, majivu na matone madogo sana ya kemikali.

Wataalamu huzigawa chembe hizi kwa ukubwa. Zile zenye upana wa mikromita 10 (mikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita) au chini yake huitwa PM10, na nyingi ya hizo hukwama puani, kooni na kwenye njia kubwa za hewa. Ndizo zinazokufanya upenge kamasi nyeusi baada ya safari ya vumbi. Zile za mikromita 2.5 kushuka chini huitwa PM2.5. Unywele mmoja wa kichwani ni mpana kuliko chembe hiyo kwa takriban mara 30. Vinyweleo vya pua haviziwezi, kikohozi hakizitoi, nazo hufika mpaka kwenye vifuko vya hewa mwishoni kabisa mwa mapafu, mahali ambapo oksijeni huingia kwenye damu. Hizi ndizo tunazoziogopa zaidi.

Mwaka 2021 WHO ilishusha kiwango chake: wastani wa PM2.5 kwa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa, na kwa siku moja usizidi 15. Kabla ya hapo wastani wa mwaka ulikuwa 10. Ulishushwa kwa sababu madhara yalionekana hata chini ya kiwango cha zamani.

Moshi unaingia kifuani. Moyo unahusikaje hapo?

Hili ndilo swali ambalo tungependa kila mtu aliulize.

Chembe ndogo zikitua kwenye vifuko vya hewa, mwili huzipokea kama adui. Seli za ulinzi huzivamia, na katika kupigana nazo humwaga kemikali zinazoleta uvimbe wa ndani. Kemikali hizo hazibaki kifuani. Huingia kwenye damu na kuzunguka mwili mzima. Chembe zilizo ndogo kupita kiasi huweza kupenya zenyewe na kuingia kwenye damu. Ngozi laini inayofunika mishipa kwa ndani hukereka, na mishipa hushindwa kutanuka inavyopaswa. Damu nayo huwa nyepesi kuganda. Mtu ambaye tayari ana mafuta yaliyojijenga kwenye kuta za mishipa ya moyo, uvimbe huu unaweza kupasua utando unaofunika mafuta hayo. Damu ikaganda hapo hapo, mshipa ukaziba, na hicho ndicho kinachoitwa mshtuko wa moyo. Damu ikiganda kwenye mshipa wa ubongo, ni kiharusi.

Kuna njia ya pili, ya haraka zaidi. Mapafu yana neva zinazohisi kitu kinachokera, nazo hupeleka taarifa kwenye mfumo unaoendesha mapigo ya moyo bila sisi kufikiri. Ndani ya saa chache tu mapigo huweza kubadilika, mishipa ikakaza na presha ikapanda. Kwa kijana mzima haisikiki. Kwa mzee ambaye moyo wake tayari umechoka, saa hizo chache zinatosha kumwangusha.

Na kuna gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi. Hushika kwenye chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Moyo unalazimika kusukuma zaidi ili mwili upate oksijeni ile ile. Ndiyo sababu jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku wa masika huua watu waliolala, na ndiyo sababu mwenye maumivu ya moyo hapaswi kukaa nyuma ya gari linalonguruma limesimama.

Basi asikwambie mtu kwamba hewa chafu ni shauri la wenye pumu tu. Kwa makadirio ya WHO, mwaka 2019 hewa chafu ya nje ilichangia vifo vya mapema milioni 4.2 duniani, na takriban asilimia 68 ya vifo hivyo ilikuwa ni magonjwa ya moyo na kiharusi. Ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa ulichukua asilimia 14, maambukizi makali ya mapafu kama nimonia asilimia 14, na saratani ya mapafu asilimia 4. Karibu vifo 9 katika kila 10 vilitokea kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu.

Mama yangu ana presha na anakaa barabarani kabisa. Tumhamishe?

Kuhama si rahisi, na hatuwezi kumwambia mtu aache nyumba yake. Yapo ya kufanya kwanza. Kitanda chake kiwe chumba cha nyuma, mbali na barabara. Dirisha la upande wa barabara lifungwe saa za magari mengi, asubuhi na jioni, lifunguliwe mchana upepo wa bahari ukianza kuvuma. Asikae kibarazani wakati jirani anachoma taka. Kubwa kuliko yote, dawa za presha azimeze kila siku, hata akijisikia mzima. Hewa chafu humuumiza zaidi mtu ambaye presha yake haijatulizwa, kwa hiyo kidonge chake cha kila siku ni sehemu ya kinga yake dhidi ya moshi.

Saratani je?

Ndiyo. Oktoba 2013 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya WHO, liliiweka hewa chafu ya nje kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Moshi wa injini za dizeli ulikuwa umeshawekwa humo mwaka 2012. Kwa mvutaji sigara hatari huongezeka juu ya ile aliyonayo tayari.

Nitajuaje kama nina pumu au ni kifua tu cha moshi?

Pumu huja na kuondoka. Kifua kinabana, unasikia mlio wa filimbi, hasa usiku au alfajiri, halafu baada ya dawa au muda unapumua sawa kabisa. Mara nyingi huanza utotoni na hupatikana kwenye familia zenye aleji. Hewa chafu huichokoza, na kwa watoto inaweza kuwa miongoni mwa vinavyoianzisha.

Ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa ni tofauti. Huja polepole kwa mtu mzima, mara nyingi aliyepita miaka 40, ambaye amevuta sigara, amepika kwa kuni miaka mingi au amefanya kazi kwenye vumbi. Kwanza anachoka akipanda ngazi, kisha akibeba ndoo, mwisho hata kuvaa nguo kunamtoa jasho. Akina mama wengi hudhani ni uzee, wakanyamaza nao. Si uzee. Kuna kipimo cha kupuliza kwenye mashine kinachoonyesha mapafu yanatoa hewa kiasi gani. Muulize daktari ni hospitali gani ya karibu unaweza kukipata.

Na kikohozi chochote kilichofika wiki mbili, kiwe cha moshi au si cha moshi, kipimwe kifua kikuu. Kupima na kutibiwa kifua kikuu kwenye vituo vya serikali ni bure. Usijitibu kwa dawa za dukani huku ukisema ni vumbi la kiangazi.

Watu wanasema pampu ya pumu inazoesha, na ukishaanza huachi mpaka ufe. Ni kweli?

Si kweli, na maneno haya yameshagharimu maisha ya watu. Pampu si dawa ya hatua ya mwisho. Ni dawa ya mwanzo, tena salama kuliko vidonge, kwa sababu kipimo chake ni kidogo na kinakwenda moja kwa moja kunakohitajika. Kinachodhuru ni kuitumia vibaya.

Pampu ya bluu, yenye salbutamol, hufungua njia za hewa kwa muda. Haiponyi uvimbe ulio ndani. Ukijikuta unaihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu yako haijatulizwa, na unahitaji pampu nyingine ya kuzuia, yenye dawa ya steroidi, itumike kila siku hata ukiwa mzima. Wagonjwa wengi wana ile ya bluu peke yake. Muulize daktari wako kuhusu hiyo nyingine.

Jambo la pili ni namna ya kuivuta. Mtoto akipuliziwa mdomoni moja kwa moja, dawa nyingi huishia ulimini. Kifaa cha kupitishia dawa husaidia sana, na kisipopatikana kinaweza kutengenezwa kwa chupa safi ya maji ya nusu lita. Toboa kitako cha chupa tundu linalolingana kabisa na mdomo wa pampu, pampu iingie na kubana pasiwe na mwanya. Tikisa pampu, ichomeke, mtoto abane mdomo wa chupa kwa midomo yake, bonyeza mara moja tu, kisha avute na kutoa pumzi taratibu mara tano au sita humo humo. Kama ni mibonyezo miwili, rudia upya; usibonyeze miwili kwa pamoja. Chupa ioshwe kwa maji na sabuni, iachwe ikauke yenyewe bila kufutwa. Kwa mtoto mdogo asiyeweza kubana midomo, inahitajika barakoa yake maalumu.

Na mwezi wa Ramadhani?

Wanazuoni wanatofautiana kuhusu pampu na funga, kwa hiyo muulize sheikh unayemwamini. Kwa upande wa tiba, pampu ya kuzuia inayotumika mara mbili kwa siku inapangika vizuri wakati wa futari na wakati wa daku. Ya bluu ni ya dharura, na pumzi ikikata mchana itumie hapo hapo. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa.

Kwa nini watoto na wajawazito hutajwa sana?

Mtoto anapumua haraka kuliko mtu mzima, na kwa kila kilo ya mwili wake anavuta hewa nyingi zaidi. Kimo chake kiko karibu na bomba la moshi la gari. Mapafu yake bado yanakua, na yakikua kwenye hewa chafu hayafikii ukubwa na nguvu yaliyopaswa kufikia. Upungufu huo anazeeka nao. Kwa mjamzito, hewa chafu inahusishwa na mtoto kuzaliwa njiti au na uzito pungufu. Mama anayepika huku mtoto yuko mgongoni kwenye mbeleko, pua ya mtoto iko kwenye moshi ule ule.

Huko London aliishi msichana aitwaye Ella Kissi-Debrah, mwenye pumu kali, nyumba yao ikiwa karibu na barabara yenye magari mengi. Alifariki Februari 2013 akiwa na miaka 9. Mama yake hakukubali yaishe hivyo, na Desemba 2020 mchunguzi rasmi wa vifo aliamua kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake. Alikuwa mtu wa kwanza Uingereza kuandikiwa hivyo. Tunaitaja habari hii kwa sababu watoto wengi hufa kwa pumu na kwa nimonia, na hewa waliyoivuta haiandikwi popote.

Kunywa maziwa baada ya kazi ya vumbi kunasafisha kifua?

Hapana. Maziwa hupita kwenye umio kwenda tumboni, hayagusi mapafu. Ni chakula kizuri, mfanyakazi apewe, lakini mwajiri asiyatoe badala ya barakoa na maji ya kumwagia vumbi.

Tangawizi, asali, habasoda, kujifukiza nyungu?

Asali hutuliza koo na kikohozi (asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja). Chai ya tangawizi haina ubaya. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachotoa chembe zilizokwisha kutua kwenye mapafu, wala kinachochukua nafasi ya pampu. Kujifukiza mwenye pumu ajihadhari: mvuke mkali na harufu kali za majani huweza kubana kifua badala ya kukifungua, na maji yanayochemka yameunguza watoto wengi.

Kuchoma taka uani kila Jumamosi ni kosa? Mbona wazee wetu walichoma?

Wazee walichoma majani. Sisi tunachoma vitu vingine.

Litazame biwi la kawaida la siku hizi. Chini kuna majani ya mwembe yenye umande, juu yake makumbi ya nazi, chupa za maji, pampasi, kandambili iliyokatika, mabaki ya waya. Majani mabichi yanazuia moto usikolee, kwa hiyo kwanza unatoka moshi mweupe mzito unaolala chini. Moto ukifika kwenye plastiki, moshi unageuka mweusi na koo linaanza kuwasha. Pampasi haiungui, inafuka moshi mpaka kesho yake. Moto wa namna hii haufikii joto la kuteketeza kemikali, ndipo zinapozaliwa sumu kama dioksini, hasa plastiki ngumu za mabomba na nyaya zikiwemo. Anayevuta kwanza ni aliyeshika kijiti cha kuchochea. Wa pili ni mtoto wa jirani.

Cha kufanya: tenganisha kabla hujawasha kitu. Majani, maganda ya ndizi na mihogo, mabaki ya chakula yaende kwenye shimo la mboji; baada ya miezi michache una udongo wa kupandia mchicha. Makumbi na vifuu vikauke vizuri viwashie jiko. Chupa za plastiki wapo wanaozinunua kwa kilo. Pampasi na vingine visivyo na kazi vingoje gari la taka. Na kama gari haliji, hilo ni la kulipigia kelele kwenye mkutano wa mtaa.

Nakaanga samaki pale soko la Deep Sea kwa kuni. Mbona niko nje, moshi si unaondoka?

Unaondoka baada ya kupita usoni kwako. Anayeinama juu ya karai kuanzia asubuhi mpaka jioni anavuta moshi mwingi, paa lisiwepo au liwepo. Kwanza, panga mafiga kwa kuangalia upepo, uwe unasimama upande upepo unakotoka, na upange upya kusi ikigeuka kuwa kaskazi. Pili, kuni ziwe kavu kabisa. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi na joto kidogo, unapoteza na fedha. Tatu, usiwashe kwa mfuko wa plastiki au kipande cha mpira wa tairi, na usitumie mbao zilizopakwa rangi. Nne, mtoto mchanga asilazwe pembeni ya jiko.

Jiko la gesi au la umeme ndilo linalomaliza shida yenyewe. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Wanawake wanaoishi kwa moto wa kuni wangetangulizwa kwenye mipango hiyo kwa mikopo na majiko yanayobeba karai kubwa. Mtungi mdogo wa kuchemshia chai hauwafai kwa kazi hii.

Mimi ni bodaboda, siku nzima barabarani. Barakoa inanisaidia?

Kitambaa au barakoa ya kawaida ya hospitali inazuia vumbi kubwa, na hilo si haba. Chembe ndogo za moshi hupita pembeni mwake. Inayozizuia ni ile ya aina ya N95 au inayolingana nayo, ikibana uso pande zote. Penye ndevu nyingi haibani. Zaidi ya barakoa, usikae nyuma kabisa ya lori lenye moshi mweusi, zima injini ukiwa kijiweni, na pikipiki ikianza kutoa moshi ipeleke kwa fundi. Moshi mweusi ni mafuta ambayo hayakuungua, yaani fedha yako inayoruka hewani.

Madereva na makondakta wa stendi ya Kange nao wazime injini wakisubiri abiria. Wauza maji na karanga hawana pa kukimbilia.

Na wanaofanya kazi kwenye saruji, chokaa, machimbo au korona (mitambo ya kuchakata) za mkonge?

Hawa wana mizigo miwili: hewa ya mtaani na vumbi la kazini. Vumbi la chokaa huunguza macho na koo. Vumbi la kusugua na kufunga mkonge hubana kifua. Vumbi la mawe yenye silika, madini yaliyomo kwenye mchanga na mawe mengi, ndilo baya kuliko yote. Huacha makovu kwenye mapafu yasiyofutika, na aliye nayo hupata kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Kumwagia maji kabla ya kupasua jiwe hupunguza vumbi kuliko barakoa yoyote. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amkinge mfanyakazi, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unahusika na magonjwa yatokanayo na kazi. Kibarua asiye na mkataba huwa wa kwanza kuumia na wa mwisho kujua haya, kwa hiyo aliyesoma amsimulie. Na ukifika nyumbani, badili nguo za kazi kabla ya kumpakata mtoto.

Moshi wa meli bandarini?

Mafuta mazito ya meli yana salfa nyingi. Tangu 1 Januari 2020 kanuni ya kimataifa ya usafiri wa bahari imeshusha kiwango kinachoruhusiwa kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Hiyo ni nafuu ya kweli kwa miji ya bandari kama wetu. Malori yanayopanga foleni kupakia yamebaki.

Niache kukimbia asubuhi? Na baiskeli?

Usiache. Faida ya mazoezi kwa moyo ni kubwa, na kwa watu wengi inazidi madhara ya hewa ya kawaida ya mjini. Chagua njia tu: kimbia pembezoni mwa bahari au mitaa ya ndani, uepuke barabara ya malori. Ukiona moshi umelala mtaani alfajiri, subiri jua lichomoze na upepo uanze. Mji wetu unajulikana kwa baiskeli tangu zamani, na kila anayepanda baiskeli amepunguza moshi wa wenzake. Mwenye ugonjwa wa moyo aongee na daktari kwanza kuhusu kiasi cha mazoezi.

Nimeshavuta miaka 30. Kuna faida gani kubadilika sasa?

Ipo, na inaanza mapema. Kwenye bonde la Utah nchini Marekani, kiwanda kikubwa cha chuma kilifungwa kwa miezi 13 kuanzia 1986 kwa sababu ya mgogoro wa wafanyakazi, kisha kikafunguliwa. Mtafiti Arden Pope alilinganisha hospitali za eneo hilo: majira ya baridi ambayo kiwanda kilifanya kazi, watoto waliolazwa kwa magonjwa ya kifua walikuwa mara 2 hadi 3 ya wale wa majira kilipofungwa. Hewa ilibadilika, na wodi zikabadilika mwaka huo huo. Makovu ya zamani mapafuni hayafutiki, lakini uvimbe wa mishipa hupungua, presha hutulia, na mashambulizi ya pumu hupungua.

Ni dalili gani zisingojwe?

Maumivu au kubanwa katikati ya kifua kunakosambaa mkononi, shingoni au tayani, pamoja na jasho na kichefuchefu. Kwa mwanamke inaweza kuwa uchovu mkubwa wa ghafla na kukosa pumzi tu. Uso kupinda upande mmoja, mkono kukosa nguvu, maneno kuvurugika. Mtu kushindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi. Mtoto anayebonyea mbavu akivuta hewa, au ambaye midomo inageuka ya bluu.

Mwenye dalili hizi apelekwe hospitali wakati huo huo, Bombo au iliyo karibu. Aliyepooza ghafla husemwa mara nyingi kuwa amepigwa na shetani, akabakizwa nyumbani asomewe. Dua isomwe njiani kwenda hospitali. Ubongo unaokosa damu hufa kwa dakika, na tiba ya kiharusi ina saa zake.

Jirani anachoma tairi, au kiwanda kinatoa vumbi usiku. Twende wapi?

Kwa jirani, anza kwa salamu na mazungumzo, hasa kama nyumbani kuna mgonjwa. Wengi hawajui kwamba wanamuumiza mtu. Isiposaidia, mwone mwenyekiti wa mtaa, kisha mtendaji na bwana afya wa kata. Kwa kiwanda au machimbo, pelekeni kwa maandishi kwa ofisi ya mazingira ya halmashauri ya jiji na kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na kanuni zake za mwaka 2007 zimeweka viwango vya ubora wa hewa.

Malalamiko ya mdomo hupotea. Andikeni tarehe, saa, upepo ulikuwa unatoka wapi, moshi au vumbi lilikuwa la rangi gani, na nani aliumwa. Pigeni picha ya vumbi kwenye majani na kwenye nguo zilizoanikwa. Barua iwe na sahihi za kaya nyingi, bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na mrudi kuulizia baada ya wiki mbili.